Kompyuta Huchuja, Haitoi Hukumu: Safari ya Dawa za Zamani Dhidi ya Virusi Vipya

Kila Ijumaa, kabla ya adhana, meza ya katibu wa msikiti hujaa vikaratasi vya matangazo: ndoa, msiba, mtoto aliyepotea, mchango wa kuezeka madrasa. Tangu mwaka 2020 imeongezeka aina nyingine ya tangazo, nayo huja kwa simu zaidi kuliko kwa karatasi. Husema kwamba dawa ya maradhi fulani ya virusi imekwisha kugunduliwa, kwamba dawa yenyewe si ngeni bali ipo madukani siku zote, na kwamba iliyoitambua ni kompyuta yenye nguvu kubwa. Mleta tangazo huomba lisomwe baada ya sala, kwa nia njema kabisa, ili watu wasipitwe na kheri.

Tumeona inafaa tulieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu mbili. Kwanza, habari za namna hii si uzushi mtupu. Ni kweli kwamba wapo wataalamu wanaotumia kompyuta kuzipekua dawa zilizokwisha kuwepo, wakitafuta iwapo mojawapo yaweza kupambana na kirusi kipya, na ni kweli kwamba kazi hiyo imewahi kuokoa maisha. Pili, baina ya jina la dawa kutokea kwenye kioo cha kompyuta na mgonjwa kuinuka kitandani ipo safari ndefu, na majina mengi hukwama njiani. Anayeutangaza mwanzo wa safari kana kwamba ndio mwisho wake huweza kumdhuru mtu aliyemwamini. Na sauti inayotoka katika kipaza sauti cha msikiti huaminiwa sana.

Kwa nini dawa za zamani?

Kutengeneza dawa mpya tangu wazo la kwanza hadi kidonge kufika mkononi mwa mgonjwa huchukua aghalabu miaka kumi au zaidi, pamoja na gharama kubwa mno. Maradhi ya mlipuko hayasubiri miaka kumi. Ndipo wataalamu wanapogeukia kabati la dawa zilizokwisha kuidhinishwa kwa maradhi mengine. Dawa hizo zimemezwa na watu kwa miaka. Kipimo chake kinajulikana, madhara yake yameandikwa, na viwanda vya kuzitengeneza vipo. Ikithibitika kuwa mojawapo inafaa kwa maradhi mapya, muda mwingi huwa umeokolewa.

Mfano mashuhuri ni zidovudini. Dawa hii iliundwa mwaka 1964 nchini Marekani na mtaalamu Jerome Horwitz, nia ikiwa ni kutibu saratani. Haikufaa kwa saratani, ikawekwa kando. Miaka ya 1980, ukimwi ulipozuka, watafiti wakaijaribu tena, safari hii dhidi ya virusi vya ukimwi, wakaona inavizuia kuzaliana. Mwezi Machi 1987 ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ajili ya ukimwi. Kitu kilichotupwa na mafundi wa saratani kikawa mlango wa kwanza wa matumaini kwa wagonjwa wengine kabisa.

Zidovudini ilipatikana kwa kupimwa maabara, bila kompyuta kuchagua. Lakini dawa zilizopo duniani zinahesabika kwa maelfu, na virusi vya hatari haviwezi kushughulikiwa katika maabara yoyote tu; vinahitaji vyumba maalumu vyenye ulinzi mkali, ambavyo ni vichache. Kuzipima dawa zote moja baada ya nyingine ni kazi ya muda mrefu. Hapo ndipo kompyuta inapopata nafasi yake: inasaidia kuamua zipi zianze kupimwa.

Kompyuta hufanya nini hasa?

Kirusi ni kitu kidogo chenye vifaa vichache. Hakiwezi kuzaliana peke yake, hivyo huingia ndani ya seli ya mwili wa binadamu na kuilazimisha imtumikie. Vifaa vyake ni protini. Ipo protini inayofanya kazi kama mkono wa kushikia seli. Ipo nyingine inayofanya kazi kama mkasi: seli iliyotekwa hutoa uzi mrefu wa protini za kirusi, na mkasi huo huukata vipande vipande ili kila kipande kikafanye kazi yake. Ukiweza kupachika kitu baina ya makali ya mkasi ule, usifunge tena, kirusi kimekwama.

Ili kompyuta isaidie, sharti kwanza ijue umbo la mkasi. Mwezi Januari 2020 wanasayansi wa China waliitangazia dunia mpangilio wa vinasaba vya kirusi cha UVIKO-19, takriban herufi 30,000. Wiki chache baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha ShanghaiTech walikwisha kupata umbo kamili la mkasi wa kirusi hicho, wakaliweka wazi kwa kila mtafiti duniani. Bila ukarimu huo wa elimu, kompyuta zote za dunia zisingekuwa na cha kupekua.

Umbo likishajulikana, kompyuta huchukua dawa moja, huigeuza huku na huku, huijaribu katika kila tundu la protini ile, kama fundi anayejaribu funguo katika kufuli. Kisha huipa alama: hii inakaa vizuri, ile inalegea, nyingine haiingii kabisa. Kazi hiyo hurudiwa kwa maelfu ya dawa. Mwezi Februari 2020 watafiti wa maabara ya Oak Ridge nchini Marekani waliitumia Summit, iliyokuwa kompyuta yenye nguvu kuliko zote duniani wakati huo, kupekua kemikali zaidi ya 8,000, zikiwemo dawa zinazojulikana, wakitazama zipi zingeweza kuzuia ule mkono wa kirusi usishike seli. Zilibaki 77. Wakuu wa kazi hiyo walisema waziwazi kwamba hawajapata tiba. Wamepata orodha ya vitu vya kuanza kupima. Lakini maneno hayo ya tahadhari husafiri polepole, na neno “dawa” husafiri kwa kasi. Yaliyotufikia sisi kwa simu yalikuwa ni nusu ya habari.

Ipo njia ya pili isiyotazama maumbo pekee. Kompyuta hulishwa maandiko mengi ya kitabibu, kisha huunganisha: kirusi hiki huingia kwa mlango fulani; mlango ule hufunguliwa na protini fulani; dawa fulani huizuia protini hiyo. Ni kazi ambayo mwanachuoni mwenye kumbukumbu kubwa angeweza kuifanya kwa miaka, nayo kompyuta huifanya kwa siku chache. Njia hii ndiyo iliyozaa mfano bora kabisa tunaoufahamu.

Dawa ya baridi yabisi iliyogeuzwa kazi

Mwishoni mwa Januari 2020, wataalamu wa kampuni ya BenevolentAI ya London walianza kuiuliza mashine yao swali mahususi: je, ipo dawa iliyokwisha kuidhinishwa inayoweza kukizuia kirusi hiki kuingia katika seli za mapafu? Mashine iliwaelekeza kwenye protini iitwayo AAK1, ambayo ni mojawapo ya wasimamizi wa mlango ambao virusi vya aina hii hupitia. Katika hazina yao ya maarifa vilikuwemo vizuizi 378 vya protini hiyo. Kati ya hivyo, 47 vilikuwa dawa zilizoidhinishwa kwa matumizi ya kitabibu, na sita tu ndivyo vilivyoizuia kwa nguvu ya kutosha.

Hapa akili ya binadamu iliingia kazini. Baadhi ya dawa hizo ni za saratani, zenye madhara makali, na kipimo ambacho kingehitajika kisingevumilika. Moja ilibaki ikivutia: barisitinibu, dawa ya ugonjwa wa baridi yabisi. Kipimo chake cha kawaida, kidonge kimoja kwa siku, kilionekana kutosha. Tena ilikuwa na sifa ya pili: hutuliza kinga ya mwili inapowaka kupita kiasi, na ilikuwa ikidhihirika kwamba wagonjwa wengi wa UVIKO-19 huangamizwa na moto wa kinga yao wenyewe. Tarehe 4 Februari 2020 pendekezo lao lilichapishwa katika jarida la Lancet.

Je, siku ile ilikuwa ni siku ya kutangaza dawa? Hapana. Ilikuwa ni siku ya kuanza kuuliza. Yalifuata majaribio kwa wagonjwa, ambapo watu hugawanywa kwa kura: kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa matibabu ya kawaida peke yake, kisha makundi hulinganishwa. Jaribio moja la watu 1,033 lilionyesha kwamba waliopewa barisitinibu pamoja na remdesiviri walipona mapema kidogo kuliko waliopewa remdesiviri pekee. Mwezi Novemba 2020 Marekani ikaruhusu dawa hizo mbili zitumike pamoja kwa dharura. Jaribio jingine la watu 1,525 waliolazwa hospitali lilikuta kwamba waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa takriban asilimia 8 kwa waliopewa dawa, na asilimia 13 kwa wasiopewa. Jaribio kubwa zaidi, RECOVERY la Uingereza, lilihusisha wagonjwa 8,156: waliofariki ni asilimia 12 upande wa dawa na 14 upande wa pili.

Mwezi Januari 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa nguvu kwa wagonjwa mahututi. Basi tuhesabu: tangu dokezo la kompyuta hadi pendekezo hilo, takriban miaka miwili. Tena faida yake kubwa huonekana kuwa imetokana na kutuliza kinga, zaidi ya kuziba mlango wa kirusi. Kompyuta iliukuta mti sahihi. Binadamu ndio waliopima ni tunda lipi linaliwa.

Zilizokwama njiani

Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini. Kabla ya mwaka 2001, ilipoondolewa nchini Tanzania Bara kama tiba ya kwanza ya malaria, kila nyumba ilikuwa nayo, na wengi wanakumbuka mwasho wake usiozimika kwa kujikuna. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, hutumiwa na wagonjwa wa baridi yabisi na wa lupasi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 dawa hizi mbili zilipimwa maabara, zikaonekana kukizuia kirusi cha UVIKO-19. Dunia ikasimama. Watu wakazikimbilia madukani, na katika nchi nyingi wagonjwa waliozitegemea kwa miaka wakazikosa.

Kilichofichika ni hiki: seli zilizotumika katika vipimo vile zilikuwa ni seli za figo ya tumbili, zinazopendwa na maabara kwa kuwa huoteshwa kwa urahisi. Mwezi Julai 2020 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba katika seli za mapafu ya binadamu klorokwini haikizuii kirusi kile, kwa sababu mapafu yana mlango mwingine ambao figo ya tumbili haina. Mwezi mmoja kabla ya hapo jaribio la RECOVERY lilikuwa limekwisha kutoa jibu la vitandani: waliofariki baada ya kupewa haidroksiklorokwini walikuwa asilimia 27, na wasiopewa asilimia 25. Hakukuwa na faida.

Ivamektini nayo tunaijua. Ndiyo inayogawiwa katika kampeni za kingatiba dhidi ya usubi na dhidi ya matende na mabusha, nayo kwa maradhi hayo ni neema kubwa. Wagunduzi wake walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walionyesha kwamba ndani ya chombo cha maabara ilikipunguza kirusi cha UVIKO-19 kwa kiasi kikubwa sana. Lakini ukali wa dawa uliotumika katika chombo kile ulikuwa makumi ya mara kuliko ule unaopatikana katika damu ya mtu aliyemeza kipimo cha kawaida. Mwezi Machi 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Brazil kwa wagonjwa 1,358: ivamektini haikuwapunguzia uwezekano wa kulazwa.

Ipo na mitego mingine. Mwaka 2021 katika jarida la Science wataalamu walieleza kwamba dawa nyingi za zamani zilizoonekana kushinda kirusi maabara zilifanya hivyo kwa kuvuruga mafuta ya ndani ya seli yenyewe. Kirusi kilizuiwa kwa sababu nyumba ilichafuliwa, na hali hiyo haiwi tiba kwa mwili wa mgonjwa.

Funzo kutoka Beni na Butembo

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa ndugu zetu wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya zahanati. Mlipuko wa Ebola ulipoanza huko mwaka 2018, palikuwepo dawa nne zenye kutarajiwa. Mojawapo ilikuwa remdesiviri, iliyokuwa imewaponya nyani wote walioambukizwa Ebola maabara na kupewa kipimo chake kikubwa. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa, miongoni mwa watu wa kwanza kukutana na ugonjwa huo mwaka 1976, pamoja na wenzake wa Kongo na wa nje, walikataa kuchagua kwa kubahatisha. Walianzisha jaribio la kura lililowahusisha wagonjwa 681 huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katikati ya vita, katika eneo ambalo vituo vya matibabu vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kati ya waliopewa remdesiviri, asilimia 53 walifariki. Kati ya waliopewa dawa mbili za kingamwili, waliofariki ni takriban asilimia 35. Moja ya dawa hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika na Ebola mjini Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Mwezi Agosti 2019 jaribio likasimamishwa mapema ili wagonjwa wote wapewe zile zilizofaa.

Laiti wangeridhika na habari za nyani, pengine remdesiviri ingetawanywa kama tiba bora, na watu wangeendelea kufa huku dawa iliyo bora zaidi imo ghalani. Wagonjwa wale wa Beni na Butembo, na familia zao zilizokubali kushiriki, wameifundisha dunia nzima. Tunasema haya kwa sababu baadhi yetu hulisikia neno “majaribio” tukakunja uso, tukidhani ni kugeuzwa panya. Jaribio lenye idhini ya mgonjwa, lenye kusimamiwa na kamati ya maadili, ni kinyume cha hayo: ni njia ya kuzuia watu wasigeuzwe panya na uvumi.

Kanuni ya zamani

Mtu anaweza kudhani kwamba tahadhari hizi zote ni desturi mpya. Sivyo. Tabibu mkuu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake cha Kanuni masharti ya kuzijaribu dawa. Miongoni mwa masharti hayo: dawa iwe safi isiyochanganywa na sifa ya kigeni; ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja ulio wazi, si kwa maradhi yaliyochangamana; athari yake ionekane mara kwa mara, vinginevyo yaweza kuwa ni sadfa; na jaribio lifanyike katika mwili wa binadamu, kwani yanayompata simba au farasi si dalili ya kutosha ya yatakayompata mtu.

Badala ya simba na farasi, weka figo ya tumbili na kioo cha kompyuta. Kanuni haijabadilika. Wanafunzi wa vyuo vyetu wanaijua tofauti baina ya dhana na yakini. Alama inayotolewa na kompyuta ni dhana. Ni dhana yenye thamani, iliyojengwa kwa hesabu, lakini ni dhana. Yakini hupatikana kitandani mwa mgonjwa, mbele ya kundi la kulinganisha.

Mzee mmoja wa safu ya kwanza alitujia wakati ule wa UVIKO-19, mkononi ana pakiti ya haidroksiklorokwini aliyonunuliwa na mjukuu wake.

“Katibu, mwanangu,” alisema, “hizi wamesema zimeonwa na kompyuta. Kompyuta haina njaa wala tamaa. Itadanganya kwa lipi?”

“Haidanganyi, mzee wangu,” tulimjibu. “Lakini hujibu lile tu ililoulizwa. Iliulizwa kama dawa inaingia kwenye tundu la kirusi. Haikuulizwa kama inamfaa mzee mwenye presha na moyo uliochoka.”

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Basi twende kwa anayeujua moyo wangu.” Tukaenda naye zahanati. Mganga alimweleza kwamba dawa ile yaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa ikikutana na baadhi ya dawa nyingine, akamshauri asiinywe. Pakiti ikabaki pale pale mezani.

Kipimo, mgonjwa na wakati

Lipo jambo moja ambalo familia hulisahau hata pale dawa inapokuwa imethibitika. Dawa iliyookoa watu wengi zaidi katika mlipuko ule ilikuwa ni deksamethasoni, ya bei nafuu, iliyokuwepo tangu zama za babu zetu. Mwezi Juni 2020 jaribio la RECOVERY lilitangaza matokeo yake: kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilipungua kwa takriban theluthi moja, kwa waliokuwa wakipewa oksijeni, kwa takriban humusi moja.

Lakini kwa wagonjwa wasiohitaji oksijeni haikuonekana faida yoyote, na takwimu zilielekea upande wa madhara. Dawa ni ile ile, ugonjwa ni ule ule, tofauti ni hali ya mgonjwa. Kinga inayomuunguza mgonjwa mahututi ndiyo inayomlinda mgonjwa mwepesi. Ukiizima mapema umemsaidia kirusi. Basi yule anayesikia kwamba “deksa inatibu korona” akainunua dukani kwa mafua ya siku mbili amebeba neno la kweli kulipeleka mahali pasipo pake. Wala tusisahau kwamba wapo wanaoinywa dawa hii ili wanenepe, jambo lenye hatari kwa sukari, kwa mifupa na kwa kinga ya mwili.

Maswali manne ya kuuliza nyumbani

Kirusi kingine kitakuja. Historia haituruhusu kudhani vingine. Kitakapokuja, kompyuta zitakuwa na nguvu zaidi kuliko za mwaka 2020, na orodha za dawa zitatoka kwa kasi zaidi. Tunapendekeza kila baba, mama na kijana mwenye simu ajizoeze kuuliza maswali manne kabla ya kununua, kumeza au kusambaza.

La kwanza: imejaribiwa wapi? Katika kompyuta, katika chombo cha maabara, kwa mnyama, au kwa binadamu? Kama si kwa binadamu, habari hiyo ni ya watafiti, bado si ya wagonjwa.

La pili: walijaribiwa wangapi, na walilinganishwa na nani? Watu kumi waliopona baada ya kunywa kitu si ushahidi, kwa kuwa wengi hupona hata wasipokunywa.

La tatu: kwa kipimo gani? Dawa inayoua kirusi kwa ukali ambao mwili hauwezi kuubeba ni sumu, si tiba.

La nne: ilimfaa mgonjwa wa hali gani? Mwenye kulazwa au mwenye mafua? Kijana au mzee? Mjamzito? Mwenye sukari au presha?

Asiyeweza kuyajibu asione haya. Amwendee mfamasia, tabibu au muuguzi wa zahanati, ambaye mara nyingi yupo hatua chache kutoka tulipo. Na aliyekwisha kuandikiwa dawa kwa maradhi mengine asiiache wala asiigawe kwa jirani kwa sababu ya ujumbe wa simu.

Haki ya mgonjwa wa mbali

Linabaki jambo la uadilifu. Barisitinibu ilipothibitika, bei yake na upatikanaji wake vilikuwa kizuizi kwa nchi zisizo na uwezo, na mashirika ya kitabibu yalilipigia kelele suala hilo. Hivyo haitoshi kompyuta kuitambua dawa na jaribio kuithibitisha. Sharti dawa ifike Kigoma kama inavyofika London. Ndiyo maana deksamethasoni ilikuwa na baraka ya pekee: kila hospitali ingeweza kuimudu.

Aidha, ni haki na ni wajibu majaribio yafanyike pia katika ardhi yetu, kwa watu wetu, yakiongozwa na wataalamu wetu. Mwezi Novemba 2020 ulizinduliwa mpango uitwao ANTICOV, ukiratibiwa na shirika la DNDi, ili kujaribu dawa za zamani kwa wagonjwa wa UVIKO-19 wasiokuwa mahututi katika nchi 13 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Njia hiyo ndiyo inayotufaa, kwani kipimo kilichothibitika kwa watu wenye hospitali kila mtaa huenda kisilingane na hali ya mgonjwa aliye mbali na oksijeni.

Ama kuhusu matangazo ya Ijumaa, kamati yetu imejiwekea utaratibu ambao tunaushauri kwa misikiti mingine: tangazo lolote la dawa halisomwi mpaka mtaalamu wa afya wa eneo husika amelipitia na kuliwekea saini. Hauna gharama yoyote. Mleta tangazo huchukuliwa kwa heshima, hushukuriwa kwa nia yake, na huelezwa kwamba atajibiwa baada ya mganga kulitazama. Katika kila waumini wa msikiti mmoja hakosekani muuguzi, mfamasia au tabibu mstaafu. Naye, akiombwa kwa adabu, hufurahi kuifanya kazi hiyo.